Pistoni ya DT imekwisha: nibadilishe mwenyewe nyumbani?

*"Shikamoo fundi. Nina Yamaha DT125, ile ya kupozwa kwa upepo, niliyoinunua kwenye mradi mmoja uliofungwa. Naiendesha kati ya Buswelu ninakoishi na shamba langu ng'ambo ya Busisi, barabara ya mwisho ni vumbi tupu. Tangu kiangazi kianze imepoteza nguvu, mlima mdogo tu lazima nishuke gia namba mbili. Asubuhi napiga kiki mpaka jasho linitoke. Ikiwa ya baridi kuna mlio wa kugonga juu ya injini, ikipata moto mlio unapungua. Moshi ni mwingi. Pampu ya oili ilishatolewa na aliyekuwa nayo, kwa hiyo nachanganya mwenyewe kwenye tenki, napima kwa macho. Matunzo nafanya, hata eya klina naiosha kwa petroli kila wiki. Fundi wa kwanza kasema niweke ringi tu. Wa pili kasema ninunue pistoni standadi mpya, nibadilishe, itarudi kama mpya. Wa tatu kasema nizidishe oili. Spana ninazo, uwanja ninao, na video nimeangalia za kutosha. Je, naweza kubadilisha pistoni mwenyewe? Ninunue saizi gani? Naogopa kufungua halafu nishindwe kufunga."*

Marahaba, mwanangu. Ndiyo, pistoni ya DT unaweza kuibadilisha mwenyewe hapo uani, na spana zako zitatosha karibu kazi yote. Lakini usinunue pistoni leo. Kitakachoamua kama pistoni mpya itadumu ni hali ya bloku, na bloku hujaiona. Fungua kwanza, bloku ipimwe, ndipo uende dukani ukijua unatafuta namba gani.

Naanza na ule mlio, kwa sababu umeueleza vizuri na unasema mengi. Pistoni ni ya aluminiamu, na ndani ya bloku kuna silivu ya chuma cha kuyeyusha. Aluminiamu ikipata joto inavimba karibu mara mbili ya chuma hicho. Pistoni ya DT yako ilitoka kiwandani kwa silinda ya milimita 56, na pistoni ya ukubwa huo ikiongezewa joto la nyuzi 100 inanenepa kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Kwa sababu hiyo ni lazima iachiwe nafasi ndogo ikiwa baridi, sehemu chache tu za mia za milimita. Nafasi hiyo ikishapanuka kwa kulika, asubuhi pistoni inayumba, inagonga ukuta wa upande mmoja kisha wa pili. Ikipata moto inavimba, nafasi inapungua, mlio unafifia. Watu wengi wakisikia mlio umepotea hufurahi wakidhani injini imejirekebisha, kumbe ni joto tu limeziba pengo kwa muda.

Nguvu nazo zimeenda njia hiyohiyo. Injini ya DT ni ya stroki mbili, na humo pistoni ina kazi mbili kwa wakati mmoja: juu inabana hewa na petroli, chini inavuta mchanganyiko mpya kuingia kwenye chumba cha krenki, yaani shafti inayozungushwa na pistoni, na kuusukuma upande juu kupitia matundu ya bloku. Ringi na ukuta vikilika, inavuja pande zote mbili, kama pampu ya baiskeli iliyolika ngozi. Ndiyo maana unapiga kiki mpaka jasho.

Sasa ushauri wa wale mafundi watatu.

Wa kwanza, wa ringi tu. Ringi mpya hufaa pale ambapo bloku bado ni duara na imenyooka juu hadi chini. Bloku iliyolika haibaki duara. Inalika zaidi sehemu ambayo pistoni inaegemea, na pale juu ringi zinapogeukia hubaki kidaraja kidogo unachoweza kukisikia kwa ukucha. Ringi mpya iliyo duara haiwezi kukaa sawasawa kwenye shimo la mviringo wa yai, na ikifika kwenye kidaraja inagonga na inaweza kuvunjika. Kwa mlio ulioueleza, ringi peke yake ni hela ya kutupa.

Wa pili, wa pistoni standadi, yaani ya saizi ileile ya kiwandani, amekaribia, ila ameruka hatua. Kama bloku imelika, pistoni standadi mpya itaacha nafasi pana karibu kama ya zamani, kwa sababu kilichopotea ni cha pande zote mbili. Mlio utarudi ndani ya muda mfupi, nawe utasema spea za siku hizi ni feki.

Wa tatu ndiye anayenitia wasiwasi zaidi. Oili ikizidi kwenye tenki, kila tone linalopita kwenye kabureta lina petroli kidogo kuliko linavyopaswa, kwa sababu oili imechukua nafasi yake. Hewa inabaki ileile. Mchanganyiko unakuwa mkavu kwa petroli, na mchanganyiko mkavu unaunguza moto mkali zaidi. Juu ya hapo masizi yanajaa kwenye eksozi, kwenye kichwa cha pistoni na kwenye njia za ringi, ringi zinagandia. Mtu anazidisha oili ili kulinda injini, anaishia kuinokisha, pistoni inagandia kwenye bloku. Acha kupima kwa macho kuanzia leo. Nunua bomba kubwa la sindano kwenye duka la dawa, na kwa kila lita ya petroli weka mililita 40 za oili ya 2T, ile ya stroki mbili, yaani lita tano kwa mililita 200. Oili ya injini za stroki nne, hata iwe ya bei mbaya, haikuundwa kuungua pamoja na petroli, kwa hiyo isiingie humo.

Kuna neno umelitaja kwa kupita, na ninavyoona ndilo lililokula pistoni yako: eya klina kuoshwa kwa petroli kila wiki. Bidii yako naiheshimu, ila umesema nusu tu ya kazi. Eya klina ya DT ni sponji, na sponji kavu haizuii vumbi laini. Matundu yake ni makubwa kuliko chembe za vumbi. Kinachonasa vumbi ni oili iliyolowa ndani ya sponji. Ukiosha kwa petroli ukaikausha ukairudisha hivyohivyo, umefungua mlango. Vumbi la barabara zetu ni mchanga uliosagwa, mgumu kuliko aluminiamu na hata kuliko chuma cha bloku. Likichanganyika na oili linageuka dawa ya kusagia, linafanya kazi kila pistoni inapopanda na kushuka. Osha sponji kwa mafuta ya taa, si petroli, kisha maji ya sabuni, ikauke kabisa kivulini, ilowe oili, uikamue kwa kuiminya bila kuisokota mpaka isichuruzike. Paka grisi kidogo kwenye ukingo inapokalia boksi lake. Kagua pia mpira unaounganisha boksi na kabureta. Ufa mdogo hapo unafuta kazi yote ya sponji.

Kabla ya kufungua kitu chochote, angalia oili ya giaboksi. Kama inapungua na huoni inapovujia nje, huenda sili ya krenki, ule mpira wa kuzuia uvujaji, upande wa klachi imechoka, injini inanyonya oili ya giaboksi na kuichoma. Hapo moshi wako una sababu nyingine kabisa, na pistoni mpya haitauondoa. Upande wa kushoto, kwenye magineti, kuna sili nyingine. Hiyo ikipasuka injini inanyonya hewa ya ziada, sailensa, yaani mngurumo wa injini ukiwa umeachia resi, inapanda na kushuka yenyewe, pistoni inaungua. Sili hizi ni za bei ndogo ukilinganisha na uharibifu zinaoufanya.

Siku ya kazi, osha pikipiki nzima kwanza, hasa kuzunguka bloku na hedi, uchafu usiangukie ndani. Usiipeleke ziwani. Najua pale mwaloni wengi hufanya hivyo, lakini ile oili inaingia kwenye maji tunayokunywa na samaki tunaowauza, na Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 kutoka ukingo wa ziwa kuwa eneo la kulindwa. Ndoo mbili za maji uani zinatosha.

Injini iwe ya baridi kabisa. Toa tenki, eksozi, kabureta na plagi. Legeza nati za hedi kidogokidogo kwa mtindo wa kuvuka, hii kisha ya upande wa pili, hedi isije ikapinda. Hapa ndipo stroki mbili inapomhurumia mtu wa nyumbani: kwenye hedi hakuna valvu, hakuna kemshafti, hakuna cheni ya taiming. Hedi ni kifuniko tu. Ungekuwa na Honda XL au moja ya bodaboda za stroki nne, ningekupa jibu la tahadhari zaidi. Nyanyua bloku ikiwa imenyooka, na kabla haijatoka yote, ziba mdomo wa chumba cha krenki kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi. Klipu ya pini ikikuponyoka ikadumbukia humo, kazi ya saa mbili imegeuka kupasua injini nzima. Pini ya pistoni isukume itoke. Usiipige nyundo kwa ubavu, utapinda konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki. Ikigoma, zungushia pistoni kitambaa kilichochovywa maji ya moto na kukamuliwa, itaachia.

Pistoni ikishatoka, kaa nayo mahali penye mwanga. Kwa maoni yangu hatua hii ina thamani kuliko spana zote, na ndiyo inayorukwa kila siku. Mistari midogo ya mashine iliyokuwa kwenye sketi, yaani ubavu wa pistoni chini ya ringi, ikiwa imefutika upande wa kabureta, na badala yake kuna rangi ya kijivu isiyong'aa na michirizi ya wima kama iliyopigwa msasa, hilo ni vumbi. Hivyo ndivyo ninavyotegemea uikute yako. Michubuko ikiwa upande wa eksozi, aluminiamu imepakazwa kwenye ukuta, ni joto: mchanganyiko mkavu, sili inayovuja au oili iliyokosekana. Michubuko minne, mmoja kila pembe, ni dalili kwamba nafasi ilikuwa ndogo au injini ilikimbizwa kabla haijapata moto. Weusi au ukahawia uliotambaa chini ya ringi unasema moto ulikuwa unapita kando. Na kichwa cha pistoni kilichotoboka au kuyeyuka ukingoni ni onyo la kutofunga injini mpaka sababu ijulikane, maana pistoni mpya itafuata njia ileile.

Kisha shika konrodi, ipeleke juu kabisa, uivute juu na kuisukuma chini. Isiwe na mchezo wowote wa kwenda juu na chini. Mchezo mdogo wa ubavuni ni wa kawaida, usikutishe. Zungusha krenki taratibu usikilize. Beringi zikikwaruza, nazo zimekwisha.

Bloku mpelekee fundi mwenye geji ya kupimia silinda. Venia kalipa ya kawaida haitoshi, maana tunazungumzia sehemu za mia za milimita na midomo yake haifiki katikati ya silinda. Maeneo ya viwanda ya Nyakato na karakana za kuchonga vyuma mjini wapo wenye vipimo hivyo. Mwombe apime juu, kati na chini, kila mahali mara mbili: mbele-nyuma na kushoto-kulia. Yanapatikana matokeo mawili. Bloku ikiwa bado imo ndani ya kipimo cha kitabu, pistoni standadi na kuhoni kidogo, yaani kusugua ukuta kwa mawe maalumu, vinatosha. Imezidi, inachongwa kwenda saizi inayofuata: 56.25, isipofuta michirizi yote 56.50, na kuendelea hivyo. Chagua saizi ndogo kabisa itakayosafisha ukuta, kwa sababu kila unaporuka saizi unafupisha maisha ya bloku.

Pistoni inunuliwe baada ya kupima lakini kabla ya kuchonga, ipelekwe kwa mchongaji pamoja na bloku. Namba iliyogongwa juu ya pistoni haitoshi. Yeye apime pistoni uliyonunua kwa mikromita, chini ya sketi, kwa kukatisha upande wa pini, kisha achonge bloku kuifuata hiyo. Dukani uliza pistoni, ringi, pini, klipu mbili, beringi ya juu ya konrodi na gasketi zote kwa pamoja. Klipu za zamani usizirudishe hata zikionekana nzima. Ikitoka moja ikiwa injini inakimbia, inachimba mfereji kwenye bloku mpya.

Kuna jambo unapaswa kulisema wewe mwenyewe, usingoje fundi akumbuke. Mafundi wengi wa kuchonga hapa Mwanza siku hizi wanahudumia bodaboda za stroki nne, na bloku za hizo hazina matundu ukutani. Ya kwako inayo. Baada ya kuchonga, kingo za matundu hubaki kali, na ringi ikipita inajitokeza kidogo, inakwaruzwa au inanaswa na kukatika. Kingo zote zinatakiwa zilainishwe, juu na chini, kisha ukuta uhoniwe uwe na michoro iliyopishana ya kushika oili. Pitisha kidole. Ukisikia makali, mrudishie palepale, kabla hujalipa.

Bloku ikirudi, ioshe kwa maji ya moto na sabuni na brashi. Petroli haiondoi unga wa mawe ya kuhoni, inauhamisha tu. Sugua, suuza, futa kwa kitambaa cheupe, na kikitoka na kijivu rudia mpaka kitoke cheupe. Kausha, upake oili hapohapo, kwa sababu chuma kilichochongwa sasa hivi kinashika kutu ukigeuza kichwa.

Kufunga ni kufuata mpangilio. Kabla ya kuvisha ringi kwenye pistoni, ingiza kila moja ndani ya bloku, isukume kwa kichwa cha pistoni ikae sawa, upime pengo la ncha zake kwa fila geji. Kwa ukubwa huu mara nyingi ni kati ya milimita 0.3 na 0.5, na karatasi ya pistoni itakupa kipimo chake. Alama ya ringi itazame juu. Mshale ulio kwenye kichwa cha pistoni uelekee eksozi. Ncha za ringi zikutane pale penye vipini vidogo vilivyo kwenye njia zake; vipini hivyo vipo ili ncha zisizunguke zikafika kwenye matundu. Mdomo wa klipu uelekee juu au chini, usiangukie kwenye kale kapengo ka kuchokolea. Paka oili ya 2T kwenye beringi, pini, ringi na ukuta, gasketi mpya chini, kisha shusha bloku ukibana ringi kwa vidole. Usizungushe bloku kushoto na kulia ili iingie. Ndivyo ringi zinavyovunjika. Ikikwama toa, tazama, anza upya. Nati za hedi zikazwe kwa kuvuka na kwa awamu. Azima spana ya toki na ufuate kipimo cha kitabu, kwani stadi za DT, zile bolti ndefu zinazoshika hedi, zinaingia kwenye aluminiamu na mkono wenye hasira huzing'oa.

Siku za mwanzo ziendeshe kwa subira. Washa, ipate moto bila kupiga resi, zima, ipoe kabisa, kaza tena nati za hedi zikiwa za baridi. Kwa tenki mbili tatu za kwanza usiifungulie mpaka mwisho, usibebe mzigo, wala usiikokotishe mlima kwa gia kubwa. Badilisha mwendo mara kwa mara. Daraja lile la Kigongo–Busisi, kama kilomita 3 zimenyooka, linashawishi kushika mkono mahali pamoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Wewe punguza na kuongeza. Na hili lishike hata baada ya tenki hizo: kwa kuwa oili yako inakuja na petroli, ukiteremka mlima mrefu umefunga resi huku uko kwenye gia, injini inazunguka kwa kasi bila kulishwa oili ya kutosha. Vuta resi kidogo kila baada ya muda, au kamata klachi kidogo huku ukitumia breki. Kwa mji wenye miinuko kama huu wetu, hilo si jambo la mara mojamoja.

Sasa ile hofu yako. Mgawanyo ninaoupendekeza kwako ni huu: kufungua na kufunga ufanye wewe, kupima na kuchonga afanye mwenye mashine. Kumwachia fundi kazi yote si aibu, ila baki pale uone bloku inavyooshwa. Yapo mambo ambayo ukiyakuta uweke spana chini upeleke injini karakana: konrodi yenye mchezo wa juu na chini, beringi za krenki zinazokwaruza, kipande cha pistoni au ringi ambacho hukioni kilikoangukia, stadi iliyong'oka na nyuzi zake, au silivu yenye mfereji ambao hata saizi ya mwisho haitaufuta. Krenki inahitaji presi na mtu wa kuinyoosha, uani haifanyiki. Ikifika huko, jumlisha gharama ya krenki, kuchonga na spea, uilinganishe na bei ya injini iliyotumika yenye afya, kabla ya kununua chochote.

Ukishafungua, nitumie picha ya sketi ya pistoni pande zote mbili na zile namba sita za bloku. Hapo nitakuambia kama ni standadi, 56.25 au 56.50.